Historia ya programu inayojua utasahau lini

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanafunzi, wengine wa vyuo na wengine wanaojiandaa kwa KCSE, ni hili: niweke programu gani kwenye simu ili nisome vizuri? Ukiangalia simu zenyewe unakuta zimejaa tayari. Kuna video za hisabati, kuna PDF za vitabu, kuna kozi tatu za mtandaoni ambazo mwenye simu alijiandikisha na hakuna hata moja aliyofika nusu. Anachotaka ni kitu cha nne. Leo sitatoa orodha ya programu kumi bora. Nataka tupitie historia ya programu moja tu, haina video, haina mwalimu, sura yake imepitwa na wakati, lakini naona historia yake inajibu swali hilo kuliko orodha yoyote.

Historia ya kujifunza mtandaoni, jinsi inavyosimuliwa kwa kawaida, ni historia ya usafirishaji: nani alipeleka somo wapi, kwa njia gani. African Virtual University ilipoanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997, masomo yalirushwa kwa setilaiti hadi vyuo vikuu vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa kimojawapo. Mwaka 2001 MIT ilitangaza kwamba itaweka vifaa vya kozi zake mtandaoni bila malipo. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kozi yao ya akili bandia ya Stanford kwa dunia nzima, wakajiandikisha watu wapatao 160,000, wakamaliza kama 23,000. Mwaka uliofuata ndio ukawa mwaka wa Coursera, Udacity na edX. Huku kwetu tuliahidiwa vipakatalishi vya darasa la kwanza mwaka 2013, vikaja vishikwambi kuanzia 2016. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, KICD ikarusha masomo kwa redio na runinga, na aliyekuwa na bando akasoma kwa simu.

Sidharau hata kimoja katika hivyo. Lakini somo likishafika kwenye simu kuna safari ya pili, ya kulitoa kwenye simu na kuliingiza kichwani, likae huko mpaka siku ya mtihani na ikiwezekana mpaka siku ya kazi. Safari hiyo haina waya wala setilaiti, na pesa nyingi za elimu ya kidijitali hazijawahi kuigusa. Walioishughulikia walikuwa watu wachache, wengi wao wakifanya kazi peke yao, na wa kwanza hakuwahi kuona kompyuta.

Mkenya akisikia Berlin na 1885 anafikiria ule mkutano wa kugawana Afrika, uliofungwa Februari mwaka huo. Mwaka huohuo, mwalimu wa chuo kikuu cha mji huohuo aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kiitwacho Über das Gedächtnis, yaani Kuhusu Kumbukumbu. Ebbinghaus alitaka kupima kusahau kama vile mtu anavyopima joto. Tatizo ni kwamba maneno ya kawaida yana maana, na maana humsaidia mtu mmoja kuliko mwingine. Basi akaunda silabi zisizo na maana yoyote, kama 2,300, akazipanga kwenye orodha, akazikariri. Mtu aliyefanyiwa majaribio alikuwa mmoja: yeye mwenyewe.

Njia yake ya kupima ni nzuri sana na watu wengi wanaoitaja huikosea. Hakuuliza nimekumbuka silabi ngapi. Alipima kazi iliyomchukua kukariri orodha mpaka aiseme bila kosa, kisha baada ya muda akaikariri upya na kuangalia ameokoa kazi kiasi gani. Baada ya dakika 20 aliokoa kama 58%. Baada ya saa moja, 44%. Baada ya siku moja, 34%. Baada ya siku 31 bado aliokoa kama 21%. Ukichora namba hizo unapata mteremko mkali mwanzoni, halafu unalala polepole. Yaani kinachokuumiza ni saa za kwanza, na kilichovuka wiki kina nafasi nzuri ya kuvuka mwezi. (Mwaka 2015 watafiti wawili wa Amsterdam, Murre na Dros, walirudia jaribio hilo na kupata mteremko unaofanana. Wao pia walitumia mtu mmoja. Si kazi ya kumpa rafiki.)

Kuna matokeo mengine katika kitabu hicho ambayo hayajulikani sana, nami nayaona ndiyo makubwa zaidi. Ebbinghaus aligundua kwamba marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalifanya kazi sawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa mkupuo siku iliyotangulia. Karibu nusu ya kazi, matokeo yaleyale. Tofauti ni kwamba kati ya marudio alikuwa ameacha muda upite, amelala, amesahau kidogo. Sisi wa usiku wa kuamkia mtihani, na mishumaa na kahawa, tumekuwa tukilipa 68 kwa bidhaa ya 38 tangu shule za bweni zianze.

Watu wanaohifadhi Kurani katika vyuo vya pwani hawangeshangaa kusikia hayo. Huko mwanafunzi hafungui sehemu mpya na kuisahau ya jana. Hurudia ya zamani pamoja na mpya, na husikilizwa na mwalimu bila kutazama msahafu. Neno letu kudurusu lenyewe limetoka katika Kiarabu. Kilichobadilika baada ya muda ni kwamba sisi wa shule za serikali tulibaki na neno, na kitendo kikawa kusoma daftari tena na kalamu ya rangi mkononi.

Hilo la kusikilizwa bila kutazama nalo lilipimwa. Mwaka 1939 H. F. Spitzer alichapisha jaribio alilolifanya katika shule 91 za msingi za jimbo la Iowa, Marekani, kwa wanafunzi 3,605 wa darasa la sita. Walisoma makala, kisha wakajaribiwa kwa nyakati tofauti. Waliojaribiwa mapema walikumbuka zaidi wiki kadhaa baadaye kuliko ambao hawakujaribiwa, ingawa hakuna aliyewapa makala wasome tena. Mtihani wenyewe ulikuwa somo. Kwa ukubwa wake utafiti huo ungepaswa kubadilisha shule za dunia. Haukubadilisha kitu. Walimu waliendelea kuona mtihani kama mizani tu, na wanafunzi kama adhabu.

Aliyeifikisha habari hii kwa mtu wa kawaida hakuwa mwanasayansi. Sebastian Leitner, mzaliwa wa Salzburg, Austria, alikuwa mwandishi nchini Ujerumani. Mwaka 1972 alitoa kitabu So lernt man lernen, ambacho tungekiita Jinsi ya Kujifunza Kujifunza, na ndani yake kulikuwa na sanduku. Sanduku lina vyumba vitano, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia. Unaandika swali upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili. Kadi zote zinaanzia chumba cha kwanza. Ukijibu sawa, kadi inasonga chumba kinachofuata. Ukikosea, hata kama ilikuwa chumba cha nne, inarudi chumba cha kwanza. Chumba cha kwanza unakipitia kila siku, na vingine kila kinapojaa, kwa hiyo kadi unazozijua zinakusumbua mara chache na usizozijua zinakuandama.

Ukiwa programa utaona mara moja kwamba hiyo ni foleni tano na sharti moja. Ni algorithimu inayoendeshwa na kadibodi. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi wa bweni jambo hili kwa sababu simu shuleni kwao ni marufuku, na kila ushauri wa "tumia programu fulani" hauwafikii mpaka likizo. Sanduku la viatu na karatasi za daftari zilizokatwa vipande vinne halikatazwi na mwalimu wa zamu. Pengine atadhani ni mwakenya, lakini ukimwonyesha majibu yameandikwa nyuma ya maswali ataelewa.

Leitner aliacha swali moja bila jibu: mapengo yawe marefu kiasi gani? Vyumba vyake hupitiwa vikijaa, yaani muda unaamuliwa na upana wa mbao. Aliyelishika swali hilo alikuwa mwanafunzi wa Poland.

Piotr Woźniak alizaliwa mwaka 1962. Alisoma biolojia katika Chuo Kikuu cha Adam Mickiewicz mjini Poznań, kisha sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha ufundi cha mji huohuo. Shida yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Alikuwa na maneno mengi ya Kiingereza na mambo mengi ya biolojia ya kukariri, na kila akiongeza mapya ya zamani yalikuwa yakimponyoka. Poland ya wakati huo ilikuwa bado ya kikomunisti, na mwaka 1985 hakuwa na maabara wala wafadhili. Alikuwa na karatasi. Akaandika kurasa za maneno, jozi kama 40 kila ukurasa, akaanza kujipima: naweza kusubiri siku ngapi kabla ya kurudia ukurasa huu nisiwe nimesahau zaidi ya karibu 5%? Akapata siku 1, halafu siku 7, halafu 16, halafu 35, na baada ya hapo akawa anazidisha pengo mara mbili. Hizo ndizo namba alizoanza kuzitumia mwaka huo, kwa kalamu na jedwali.

Upungufu wa karatasi ulikuwa dhahiri. Ukurasa wenye maneno 40 una rahisi 30 na magumu 10, na yote yanarudiwa pamoja. Alihitaji kila neno liwe na ratiba yake. Jedwali la kalamu haliwezi kubeba hilo kwa maelfu ya maneno, lakini kompyuta inaweza. Desemba 1987, kwenye Amstrad PC1512 na kwa lugha ya Turbo Pascal, alimaliza toleo la kwanza la programu aliyoiita SuperMemo. Algorithimu iliyokuwa ndani yake inajulikana kwa jina SM-2, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya vipande vya msimbo vilivyowasaidia wanafunzi wengi zaidi duniani kwa idadi ndogo zaidi ya mistari.

Wacha niieleze, haihitaji shahada. Kila kadi ina namba moja inayoitwa kigezo cha wepesi, na huanza na 2.5. Ukiijibu kadi mara ya kwanza, itarudi baada ya siku 1. Ukiijibu tena, itarudi baada ya siku 6. Kuanzia hapo, pengo jipya ni pengo la mwisho mara kigezo. Baada ya kila jibu unajipa alama kutoka 0 hadi 5. Ukijipa 5, kigezo kinapanda kwa 0.1. Ukijipa 4, hakibadiliki. Ukijipa 3, yaani umejibu kwa kuhangaika, kinashuka kwa 0.14. Chini ya 3 maana yake umesahau, na kadi inaanza upya na siku 1. Kigezo hakiruhusiwi kushuka chini ya 1.3. Basi, hiyo ndiyo programu nzima, mengine ni skrini na vitufe.

Sasa piga hesabu ya kadi ya kawaida ambayo kila mara unajipa 4. Mapengo ni siku 1, 6, 15, 38, 95, 238. Jumlisha: unaulizwa siku ya 1, ya 7, ya 22, ya 60, ya 155, na ya 393. Ndani ya mwaka mmoja kadi hiyo imekuuliza mara tano. Ikiwa kila mara inakuchukua sekunde kumi, umetumia chini ya dakika moja kwa mwaka kulilinda jambo hilo. Chukua darasa la mwisho la 8-4-4, lililoingia kidato cha kwanza Januari 2024 na linalotarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Hizo ni kama siku 1,400. Kadi ambayo mwanafunzi aliitengeneza wiki ya kwanza na hakuwahi kuikosea ingemuuliza mara saba tu kabla ya mtihani. Mara saba kwa miaka minne. Linganisha na yule anayesoma daftari lote la kidato cha kwanza kwa mara ya pili akiwa kidato cha nne, muhula wa tatu.

Woźniak aliandika tasnifu kuhusu kazi hiyo mwaka 1990, mwaka 1991 akaanzisha kampuni na wenzake, na matoleo mapya ya algorithimu yakaendelea kutoka, SM-4, SM-5, mpaka namba za juu. Programu ilikuwa ya kuuzwa na ya Windows, tena ngumu kutumia. Lakini maelezo ya SM-2 yaliwekwa wazi, mtu yeyote akaweza kuyasoma na kuyaandika upya kwa lugha anayoijua. Uamuzi huo mdogo ndio uliotufikisha hapa tulipo.

Oktoba 2006 Damien Elmes, Mwaustralia aliyekuwa akijifunza Kijapani, alitoa programu huria iliyoandikwa kwa Python. Aliiita Anki, neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Mwanzoni alijenga juu ya SM-5, akaona ina matatizo, akarudi nyuma hadi SM-2 na kuibadilisha kidogo. Mnaoandika programu mnajua furaha ya kugundua kwamba toleo la zamani lilikuwa bora. Mwaka 2009 kikundi kingine cha watu wa kujitolea kilianzisha AnkiDroid kwa ajili ya simu za Android, ambayo hadi leo ni ya bure na huria. Inafanya kazi bila intaneti. Ukishapakua au kuandika kadi zako, unaweza kukaa mwezi mzima bila bando na ikaendelea kukuuliza kila asubuhi. Kadi elfu kadhaa za maandishi matupu hazilingani kwa uzito na video moja ya somo.

Mwaka 2010 Roger Craig, mtu wa kompyuta kutoka Marekani, alikusanya maswali yaliyowahi kuulizwa katika shindano la runinga la Jeopardy!, akayachambua ajue mada zipi hujirudia, akajifunza kwa Anki, kisha akaenda kushinda dola 77,000 katika mchezo mmoja. Rekodi hiyo ya siku moja ilidumu hadi 2019. Leo walio mashabiki wakubwa wa programu hii ni wanafunzi wa udaktari, ambao kazi yao ina mambo mengi ya kukariri kuliko karibu kazi nyingine yoyote. Duolingo pia, ambayo iliongeza kozi ya Kiswahili mwaka 2017, ilichapisha mwaka 2016 hesabu yake ya kukadiria neno litasahaulika lini. Wazo ni lilelile la Poznań, limevalishwa ndege wa kijani.

Swali ambalo lazima uwe nalo kufikia hapa ni hili: kama kitu ni cha bure, kimepimwa tangu 1885, na kinafanya kazi bila bando, mbona wanafunzi wengi hawakitumii? Jibu lilipatikana mwaka uleule Anki ilipotoka. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi wa chuo makala fupi, moja kuhusu jua na nyingine kuhusu fisimaji wa baharini. Kundi moja liliisoma makala katika vipindi vinne, na kwa wastani kila mmoja aliipitia mara 14.2. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, wastani wa mara 3.4, kisha likafunga makala na kuandika yote linayokumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikuwa mbele, 83% kwa 71%. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliosoma tu walibaki na 40%, waliojijaribu walikuwa na 61%.

Na kuna kipande kinachonifanya nirudi kwenye utafiti huo kila mara. Mwishoni mwa kujifunza, kabla ya mtihani wowote, wanafunzi waliulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani baada ya wiki. Waliosoma mara nyingi ndio waliojiamini zaidi. Ubongo unachukua ulaini wa kusoma, ile hali ya "haya yote nayajua", na kuuhesabu kama ujuzi. Kujijaribu kunakuonyesha mashimo yako, kwa hiyo unatoka ukijiona mjinga wakati ndio umejifunza. Anki ina tabia hiyohiyo mbaya. Kila siku inakuletea hasa yale unayokaribia kuyasahau. Huwezi kuifungua ukajisikia hodari. Video ya dakika kumi, mwalimu mcheshi, michoro ya rangi, inakuacha umeridhika, na kampuni inayouza kozi inajua kipi kati ya hivyo viwili kitakurudisha kesho.

Tusidanganyane kuhusu mipaka yake. Kadi haikufundishi kitu usichokielewa. Woźniak mwenyewe, katika kanuni 20 za kuandaa maarifa alizozichapisha mwaka 1999, ameweka kuelewa mbele kabisa: usikariri usichokielewa, na usianze na kadi kabla ya kuona picha nzima. Kwa hiyo video na kozi zina kazi yake, mwanzoni. Kadi pia haitakufundisha kuandika insha, wala kutafuta hitilafu katika programu yenye mistari elfu kumi. Mimi kadi zangu za kazi ni za amri za git na SQL na mambo ya mtandao ambayo bila hizo ningeyatafuta upya kila wiki. Kuandika programu kwenyewe nilijifunza kwa kuandika programu.

Halafu kuna kadi mbaya, na wengi huishia hapo. Mwanafunzi wa historia anaandika kadi: "Eleza matokeo ya Mkutano wa Berlin." Nyuma anaweka hoja nane. Kila ikija anakumbuka tano, hajui ajipe alama gani, baada ya wiki mbili anaichukia programu nzima. Kadi moja iulize jambo moja. Mkutano ulianza mwaka gani? 1884. Nani aliuitisha? Bismarck. Nchi ngapi za Kiafrika zilialikwa? Hakuna hata moja. Hoja nane ziwe kadi nane, na kila kadi ijibike kwa sekunde chache bila ubishi. Afadhali pia uandike zako mwenyewe kuliko kupakua za mwingine, maana kuamua swali liwe lipi tayari ni nusu ya kusoma. Na usiongeze kadi mia moja siku ya kwanza. Leo mia moja ni rahisi, lakini zote zitarudi kesho, na wiki ijayo, zikiwa na wenzake. Anayekaa siku kumi bila kufungua hukuta mlima, na wengi huufuta badala ya kuupanda. Kadi kumi mpya kwa siku zinatosha, na ni 3,650 kwa mwaka.

Tukija miaka ya karibuni, SM-2 hatimaye imepata mrithi. Mwaka 2023 Anki iliongeza algorithimu iitwayo FSRS, iliyotengenezwa na Jarrett Ye wa China. Badala ya kigezo kimoja, inafuatilia mambo matatu kwa kila kadi: ni ngumu kiasi gani, kumbukumbu yake ni imara kiasi gani, na uwezekano wa wewe kuikumbuka leo ni asilimia ngapi. Kutenganisha uimara na uwezekano wa kukumbuka ni wazo ambalo Woźniak na wenzake walikuwa wamelifikia kabla. Kipya ni kwamba FSRS inasoma historia ya majibu yako mwenyewe na kujirekebisha kulingana na jinsi wewe unavyosahau. Ebbinghaus alipima mtu mmoja kwa miaka, sasa simu inampima kila mwenye nayo akiwa kwenye foleni ya matatu.

Katika mipangilio yake utaona namba moja unayopaswa kuichagua: unataka ukumbuke kadi kwa asilimia ngapi zinaporudi? Kawaida ni 90%. Mwanafunzi mwenye bidii huona hiyo ni ndogo na kuiweka 97%. Usifanye hivyo. Ili kupata hiyo 97% programu italazimika kufupisha mapengo yote, na utajikuta unajibu kadi nyingi zaidi kila siku kwa faida ndogo sana. Kusahau moja kati ya kumi ni sehemu ya mpango. Iache 90%, washa FSRS, na ukishajibu kadi mia kadhaa ibonyeze ijirekebishe.

AnkiDroid ipo Play Store na F-Droid. Wa iPhone watalipa, ile ya Apple ni ya pesa, lakini AnkiWeb kwenye kivinjari ni bure, na ya kompyuta ni bure kwa Windows, Mac na Linux. Wa bweni tafuteni sanduku la viatu. Nikipata nafasi wikendi hii nitaandika SM-2 kwa Python niiweke hapa mwaiendeshe wenyewe, haizidi mistari ishirini.